Sabufa Ndani ya Gari la Maiti

Watu walimwita Fundi Kinyaa, wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kubadilisha spika za magari. Anatoa zile zilizokuja na gari kutoka kiwandani, nyepesi kama ganda la kitunguu, anaweka zenye sauti ya kueleweka, na anayetaka kutikisa mtaa anamwongezea sabufa, ile spika nene ya besi, kwenye buti. Kazi safi, ungedhani. Lakini mwenye gari haoni anachokiona fundi. Gari nje linang'aa, mwenyewe kavaa tai, ukifungua kava la mlango unakutana na bazoka iliyotafunwa, nywele, maganda ya karanga, maziwa ya mtoto yaliyoganda mpaka yakawa kama gundi. Mara moja alikuta jino. Jino la mtu, na mzizi wake. Mwenye gari, mwalimu mkuu mwenye heshima zake, alilitazama akasema, "Kumbe lilienda huku," akalitia mfukoni.

Basi fundi alifanya kazi na glavu mikononi na kitambaa puani, na kila baada ya muda mfupi ungemsikia chini ya dashibodi akinung'unika, "Kinyaa! Kinyaa kitupu!" Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la matairi, chini ya paa la mabati. Jioni alinawa kwa sabuni ya unga mpaka kucha zikawa nyeupe. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alimtania kwamba angezaliwa paka angejilamba miguu mpaka ikaisha.

Watu walicheka, ila mmoja hakucheka. Mama mkwe wake. Yule mama alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mashuka aliyoyaona yalimfundisha kwamba mwenye kinyaa si mwenye maringo. Nyumbani kwake alimtengea mkwewe kikombe cha peke yake, akakifunika kwa kisahani ili nzi asikikanyage. "Mwanangu," alimwambia, "sisi wawili tunajua watu walivyo wachafu. Kunywa chai yako." Fundi alimpenda kwa sababu hiyo kuliko alivyowahi kusema.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili: mke wa fundi, na kaka yake ambaye mji mzima ulimwita Bwana Pole. Bwana Pole alikuwa na gari la kubebea maiti, refu, jeusi, lenye vioo ubavuni, na kwa kuzoea kazi yake aliwapa pole watu wote, mkono kifuani, hata bibi harusi. Ukikohoa mbele yake anakupima urefu kwa macho.

Asubuhi moja gari hilo jeusi liliingia uani kinyumenyume. Bwana Pole akashuka, akajifuta jasho.

"Shemeji, pole na kazi. Nimekuletea mgonjwa."

"Redio imekufa?"

"Redio ni nzima, ila spika zake zile za kiwandani zinalia kama mbuzi kwenye gunia. Nataka ubadilishe zote za milangoni. Na nataka sabufa. Kubwa. Uifunge hapa." Akapiga kofi jukwaa la nyuma, lile lenye reli za kusukumia jeneza.

Fundi alidhani amesikia vibaya. "Chini ya maiti?"

"Kwani itamsumbua?" Bwana Pole akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akashusha sauti kama yuko msibani. "Shemeji, nisikilize. Msiba wa siku hizi unataka uzito. Wenzangu wote wana magari, wana maua, wana mashati meupe. Mimi nitakuwa na nini? Nimerekodiwa nyimbo za maombolezo, kinanda na besi. Gari likipita, mtu aliye ghorofani alie bila kujua analia nini."

"Mimi sifungi kitu hicho."

"Umemfungia yule muuza samaki sabufa mbili, na samaki wanaoza ndani. Mimi ndugu wa mkeo unaninyima moja?"

Hapo ndipo fundi alipokosea, kama kukosea ni neno lenyewe. Angesimamia hapana yake. Lakini shemeji ni shemeji, na nyumbani mke angeuliza kwa nini kaka yake amefukuzwa kama mwizi wa kuku. Akavaa glavu.

Milango haikumpa shida. Aling'oa klipu za kava moja baada ya nyingine, akatoa spika zile za karatasi zilizopasuka kando, akabandika mpira wa lami kwenye bati ili lisitetemeke, akafunga mpya. Shida ilikuwa jukwaani. Alipolegeza skrubu na kuinua ule ubao, harufu ilimpiga usoni hata akarudi nyuma na kukanyaga sanduku la vifaa. Chini yake kulikuwa na maji meusi yaliyosimama, yametoka kwenye mashada ya maua ya misiba mingapi, nani ajuaye. Petali zimeoza zikawa uji. Mende walitembea juu yake bila haraka, kama wenye nyumba. Kulikuwa na soksi moja ya kiume, mpya kabisa, na doa kubwa la kahawia lililoshuka toka kwenye mbao, doa ambalo fundi hakutaka kujua lilianza kama nini.

"Hujawahi kusafisha hapa?" aliuliza kupitia kitambaa.

"Nani anafungua huko, shemeji? Mteja analala juu."

Fundi akaenda nyuma ya matairi akasimama kidogo, mikono kiunoni, akivuta pumzi. Kisha akarudi, akasugua kwa dawa ya chooni, akasuuza, akasugua tena, akakausha kwa matambara ambayo baadaye aliyachoma moto. Ndipo akapima nafasi, akakata mbao nzito, akaunganisha boksi, akaziba kila mwanya kwa gundi, akaifunga sabufa ikitazama juu. Waya mnene wa umeme akaupitisha toka kwenye betri, chini ya zulia, mpaka kwenye amplifaya iliyoendesha spika zote, na karibu na betri akaweka fyuzi kubwa, kama inavyotakiwa.

Walipoijaribu, na hili lilimchukiza kuliko mende, sauti ilikuwa nzuri. Nzuri sana. Besi ilitoka chini, pana, laini, haina mkwaruzo, na kwa muda fundi alisahau iko ndani ya gari gani, akatabasamu. Siku zote aliamini sabufa ni kama chumvi, ukiisikia ujue imezidi. Akaipunguza mpaka ikakaa sawa. Bwana Pole akanyoosha mkono, akaipandisha mpaka mwisho. Vioo vikaanza kulia.

"Hapo sasa!" akapiga kelele. "Nasikia mpaka kwenye figo!"

"Shemeji, ukiipandisha hivyo kila kitu kilicholegea juu ya jukwaa kitagonga. Vioo, reli, vishikio vya jeneza. Nimekwambia."

"Umeniambia, umeniambia." Sikio la kufa halisikii dawa. Akaondoka, na petali iliyokuwa imesahaulika kwenye reli ikawa inarukaruka kama kiroboto.

Mwezi haukwisha vizuri, mama mkwe akafa. Hakuugua kitandani. Alikaa kitini akikunja mashuka yake mwenyewe, akasema amechoka, akaegemea. Mke wa fundi alilia mpaka sauti ikakauka. Fundi hakulia. Alikaa jikoni kwa marehemu akikitazama kile kikombe, na alipoona mgeni mmoja wa msiba anakichukua ili achote maji ya ndoo, alimnyang'anya, akakiosha, akakitia ndani ya koti.

Gari la kumpeleka makaburini lingekuwa lipi tena, kama si la mwanawe? Usiku wa kuamkia mazishi mke wa fundi alimvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, kesho usifungulie lile dude."

"Dude gani?"

"Usijifanye hujui. Mama hakupenda kelele maisha yake yote."

Bwana Pole akaweka mkono kifuani, na safari hii machozi yalikuwepo kweli. "Dada, huyu ni mama yangu. Unadhani mimi sina utu?"

Asubuhi wakapanga safari. Bwana Pole aliendesha, dada yake akakaa kando yake. Kiti cha nyuma alikaa fundi pamoja na mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, bibi mfupi aliyekuwa amezidi kuwa kiziwi mwaka hadi mwaka, na ambaye tangu kifo kile alikuwa anaongea na dada yake kana kwamba yuko chumba cha pili. Nyuma ya migongo yao lilikuwa jeneza. Magari mengine yalifuata taratibu.

Mpaka barabara ya sokoni walikwenda kimya. Hapo, watu walipoanza kusimama na kuvua kofia, mkono wa Bwana Pole ukatambaa kuelekea redioni.

"Kaka," dada yake akasema.

"Kidogo tu. Mama apite hapa kimya kama mzigo wa saruji? Watu watasema nini?"

Kinanda kikaanza. Kisha besi. Fundi aliihisi ikimpanda uti wa mgongo, ile ile besi yake, pana, laini. Aligeuka. Maua juu ya jeneza yalikuwa yanatembea. Yalitembea polepole kuelekea ukingoni, shada zima, yakaanguka. Akataka kusema, na kabla hajasema wimbo ukakatika katikati ya ubeti, na sauti ya Bwana Pole mwenyewe, iliyorekodiwa, nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, ikatoka kwenye spika zote:

"Umefikwa? Usifadhaike. Tunasindikiza kwa heshima na taadhima. Tupigie..." Ikafuata namba ya simu, ikasomwa mara mbili.

Tangazo! Juu ya maiti ya mama yake mzazi. Mke wa fundi alijifunika uso kwa kanga. Bwana Pole akasema kwa haraka, "Hiyo inajipiga yenyewe, imo humohumo," lakini hakuizima. Besi ikarudi kwa nguvu mpya, na vile vishikio vya shaba ubavuni mwa jeneza vikaanza kugonga mbao. Ko. Ko. Ko-ko.

Mama mdogo, ambaye muziki hakuusikia vizuri, akainua kichwa. Akaweka kiganja kwenye ubao wa jeneza nyuma ya shingo yake. Ubao ulikuwa unatetemeka.

"Dada anagonga," alisema.

"Hapana, Mama mdogo..."

"Anagonga! Dada anagonga! Yu hai! Simamisheni gari!"

Kelele aliyoipiga bibi yule, fundi hakuwahi kuisikia kwenye spika yoyote. Bwana Pole akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya soko, magari ya nyuma nusura yaparamiane. "Mama mdogo, hiyo ni besi tu!" akasema, na Mungu amsamehe, alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa. Akapunguza sauti. Hakuizima, aliipunguza. Vishikio navyo vikaendelea, taratibu zaidi. Ko... ko... Kama mtu anayeishiwa nguvu.

Fundi akashuka. Alifika dirisha la dereva, akaingiza mkono chini ya usukani, akavuta wenzo wa boneti. "Unafanya nini, shemeji?" Akafungua boneti, akaing'oa ile fyuzi kubwa aliyoiweka kwa mikono yake, akaitupa mtaroni.

Kukawa kimya. Na kimya kile kikawa kibaya zaidi, maana mama mdogo alikuwa bado na kiganja kwenye ubao.

"Amenyamaza!" akalia. "Amechoka! Fungueni upesi kabla hajakata roho! Mnamuua! Mnamuua dada yangu!"

Hakuna maneno yaliyomfaa. Alikwaruza jeneza kwa kucha mpaka ukucha mmoja ukatoka damu. Watu wa sokoni walikuwa wameshazunguka, wengine simu juu. Mwanamke mmoja alisema fungueni, mzee mwingine akasema ni haramu kufungua, mwingine akasema yeye pia amesikia, naapa nimesikia. Mke wa fundi akamtazama mumewe. "Baba watoto," alisema, "mfungulie aone."

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake, haikuwahi kumtoka. Akapanda jukwaani, juu ya boksi la sabufa, akaanza kufungua skrubu za kifuniko kama alivyofungua milango ya magari maisha yake yote. Siku ile hakuvaa glavu. Alipoinua kifuniko, mama mkwe wake alikuwa amelala, lakini hakuwa amelala kama walivyomlaza. Mtikisiko ulikuwa umemteremsha upande mmoja. Kilemba kimemshukia machoni kama mlevi. Pamba ya pua moja imetoka, iko shavuni. Mama aliyekunja mashuka ya watu pembe kwa pembe maisha yake yote, alivurugwa ndani ya jeneza lake mbele ya soko zima.

Fundi akairudisha pamba. Akakiweka kilemba sawa. Kisha akampisha mama mdogo, akamshika kiuno ili asianguke. Bibi akaweka kiganja kwenye shavu la dada yake, akakiacha pale muda.

"Baridi," alisema mwishowe. "Basi. Mfunge."

Fundi alipokuwa anakaza skrubu ya mwisho aliinua macho. Bwana Pole alikuwa kando ya barabara, kati ya watu, mkono mmoja kifuani, "Poleni sana, poleni jamani," na mkono wa pili ulikuwa unagawa kadi zake za biashara.

Walimzika. Njia iliyobaki gari lilikwenda kimya. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wameketi uani, Bwana Pole akaja akachuchumaa karibu na fundi, akanong'ona:

"Shemeji, vile vishikio itabidi tuvitafutie dawa. Labda kuvifunga kwa mpira. Mteja mwingine akishtuka vile, biashara itakufa."

Fundi alimtazama usoni. Alitafuta pale kitu chochote cha yule mama, jicho, kidevu, hata sikio, hakukiona. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika chai yote ya asubuhi. Alisimama ameshika ukuta. Hasira aliijua, na hii haikuwa hasira. Ilikuwa ni kama ile siku ya kuinua ubao, ila sasa hapakuwa na dawa ya chooni ya kusugulia, na sehemu ya uchafu ilikuwa yake.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kesho yake Bwana Pole alipata fyuzi nyingine na fundi mwingine. Picha za soko zilikuwa zimezunguka kwenye simu za watu, na badala ya kumkimbia, watu wakamtafuta. Walitaka "lile gari lililomwamsha mama." Vijana wakasema likipita hata asiyemjua marehemu anasisimka. Wenye magari mengine mawili ya maiti wakaja uani kwa Fundi Kinyaa, kwa heshima zote, wakitaka sabufa kama ile ile. Mmoja aliuliza kama inawezekana kuweka mbili. Fundi aliwaonyesha njia waliyojia. Wakaenda kwa mwingine, wakafungiwa vibaya, na mji ukazoea. Siku hizi mtu anakufa, madirisha yanatetemeka, watoto wanatoka kucheza kando ya barabara.

Mke wa fundi hakumsemesha tena kaka yake. Wazee walipomjia wakamwambia damu ni nzito kuliko maji, alijibu huku mashine yake inaendelea kushona, "Damu ni nzito, ndiyo. Lakini hata damu ikikaa juani inanuka." Wakanywa chai wakaondoka.

Aliyebaki na jeraha hasa ni mama mdogo. Tangu siku ile hawezi kuvumilia kitu kinachogonga. Dirisha likipigwa na upepo, kinu kikitwangwa kwa jirani, chochote anachoweza kukihisi kwa miguu, anainuka akielekea mlangoni akisema nakuja, dada, nakuja. Majirani walijifunza. Hakuna anayebisha mlango wake. Wanasimama uani, mbali, wanapiga hodi kwa mdomo, kwa sauti ya juu, mpaka asikie.

Jumapili moja fundi alikwenda kumsalimia, peke yake. Akasimama uani akaita hodi, mara nyingi, mpaka bibi akatokea akamkaribisha kibarazani. Wakaulizana hali. Bibi alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho.

"Mkwe," alisema kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "kuna kitu nataka unijibu. Wanasema ile siku ulikuwa ni muziki. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama mdogo."

"Muziki unagonga?"

"Ile sabufa, ikifunguliwa sana, inatikisa vitu. Vishikio ndivyo viligonga."

Bibi akafikiri. "Na nani mtu mwenye akili aliyekwenda kuweka kitu kama hicho chini ya maiti?"

Angeweza kusema ni shemeji. Nusu ya ukweli ilikuwa pale pale ulimini.

"Ni mimi niliyeifunga, Mama mdogo."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya mboga. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, polepole, midomo imejikunja, kama mtu aliyeinua kifuniko cha sufuria akakuta kitu kimevunda. Akalivuta sinia lake la mboga likawa upande wa pili wa miguu yake, mbali naye.

"Kaa," alisema. "Umekuja, kaa. Lakini kaa kule."

Fundi akahamia mwisho wa kibaraza, kwenye ngazi, akakaa. Hakuona kosa katika neno lile. Bibi akaendelea kuchambua mboga zake, naye akakaa pale mpaka jua likageuka.